Chumba na sebule Tandale: kisa cha nyumba iliyokaguliwa kiangazi

Tangazo lenyewe halikuwa na ajabu: chumba na sebule, choo na bafu ndani, vigae chini, Luku ya kujitegemea, maji yapo, kodi 150,000 kwa mwezi, malipo miezi sita. Nyumba iko Tandale, upande unaoteremkia Mto Ng'ombe. Si ukingoni, ukitoka mlangoni unapita nyumba kadhaa kabla hujaufikia mto. Ukipanda juu kidogo kuelekea barabara ya lami, chumba na sebule cha namna hiyohiyo kilikuwa kinakwenda 200,000.

Waliokuja kuitazama walikuwa mke na mume wenye watoto wawili. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Baba anaendesha bajaji. Ilikuwa mwishoni mwa Januari 2025, jua la Dar liko utosini, kuta zimekauka, kila kitu kinang'aa. Tofauti ya 50,000 kwa mwezi ni 600,000 kwa mwaka, na kwa mtu anayepeleka hesabu ya bajaji kwa tajiri kila jioni, hizo si hela za kupuuza. Walishaipenda kabla hawajavua viatu.

Mimi ndiye niliyewapeleka. Dalali wa nyumba za kupanga hapa mjini hulipwa na mpangaji, kodi ya mwezi mmoja, lakini wengi wetu tunamtetea mwenye nyumba, kwa sababu mpangaji hupita na mwenye nyumba hubaki; ukimuudhi leo, chumba kikiwa wazi kesho anampigia simu dalali mwingine. Ni vizuri msomaji alijue hilo kabla ya kusikiliza ushauri wa dalali yeyote, wangu ukiwemo.

Ukuta wa nyuma ya mlango

Nyumba ilikuwa imepigwa rangi upya. Hilo peke yake si neno, mpangaji akitoka chumba hupigwa rangi. Ila rangi ilikuwa ya aina mbili: ya maji kutoka darini hadi usawa wa kiuno, na ya mafuta kutoka kiunoni kwenda chini. Wapo wanaofanya hivyo kwa ajili ya watoto wanaochafua kuta. Nikainama nyuma ya mlango wa sebuleni, pale kwenye bawaba ambapo brashi ya fundi haifiki vizuri, nikakuta mstari mwembamba wa udongo wa kijivu, umenyooka kama umepigwa kwa rula, juu ya sakafu kiasi cha kimo cha ndoo ndogo. Vumbi halichori mstari ulionyooka. Maji yakisimama ndiyo huchora.

Baada ya hapo mengine yakaanza kujitokeza yenyewe. Soketi zote zilikuwa usawa wa kifua, na ukitazama vizuri unaona plasta ilipozibwa pale soketi za zamani zilipokuwa. Mlango wa chumbani ulikuwa umevimba chini, hauingii kwenye fremu mpaka uusukume kwa goti. Nondo za dirisha zilikuwa nzima juu, zimeliwa na kutu chini. Kwenye kona ya choo plasta ilikuwa inatoa unga mweupe. Ukipitisha kidole unabaki nao. Hiyo ni chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini ndani ya tofali, yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha chumvi nje, na rangi yoyote utakayopiga juu yake itabanduka.

Mlango wa nje ulikuwa na kizingiti kipya cha simenti, kimo cha tofali moja. Mama alikivuka bila hata kukitazama. Mtu hajengi kizingiti cha namna hiyo kuzuia kuku.

Kila dalili kati ya hizi ina maelezo yake ukiitazama peke yake, na mwenye nyumba atakupa maelezo hayo bila kusita. Soketi zimepandishwa kwa sababu ya watoto. Mlango ni mbao mbovu. Kutu ni hewa ya bahari, sisi tuko pwani. Ndiyo maana mimi sipendi kumuuliza mwenye nyumba kuhusu maji, na hata jirani simuulizi kama maji yanaingia. Swali hilo lina aibu ndani yake, na jirani naye ana sababu zake: huenda ni ndugu wa mwenye nyumba, huenda naye anangoja kuhama na hataki nyumba iwe na jina baya. Muulize jambo dogo linalohusu maisha yake. Mama wa chumba cha pili alikuwa mlangoni anapepeta mchele.

"Shikamoo mama. Masika ya mwaka jana godoro mliliweka wapi?"

"Marahaba. Juu ya kabati, baba. Watoto walilala kwa bibi yao Mbagala."

Akaendelea kupepeta. Baba wa bajaji alinitazama, akamtazama mkewe.

Masika hayo, yaani ya 2024, yalikuwa makubwa kweli. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 2023 zikaungana na za masika, na Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha nchi nzima. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, na baba alisema, kwamba mwaka ule haukuwa wa kawaida. Ni kweli. Lakini ile rangi ya mafuta ilikuwa na tabaka zaidi ya moja.

Kama hakuna jirani wa kumuuliza, kuna kijiwe cha bodaboda. Waulize vijana ni uchochoro upi hawakubali kuingia mwezi wa nne. Wanajua, kwa sababu pikipiki ikizimika majini ni hela yao.

Mto umejengwa

"Kaka, si mto umeshajengwa?" baba aliuliza, na ni swali zuri, kwa sababu wengi mtaani huamini hadithi iliishia hapo. Mto Ng'ombe ulijengwa kweli chini ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mto uliokuwa unakula kingo na nyumba za watu, umejaa taka, ukawa mfereji mpana wa zege. Aliyeishi Tandale kabla ya hapo anajua tofauti yake.

Ila maji ya nyumba hii hayakuwa yanatoka mtoni. Yalikuwa yanatoka juu, yakielekea mtoni. Ukisimama uchochoroni ukatazama usawa wa milango unaiona picha yote. Kila aliyejenga upya alimwaga kifusi kwanza ili awe juu ya jirani. Barabara nayo kila ikikarabatiwa inapanda kidogo. Nyumba hii ni ya zamani, na siku ilipojengwa bila shaka ilikuwa sawa na wenzake. Haikusogea, wenzake ndio waliopanda, ikabaki bondeni. Halafu nyua ambazo zamani zilikuwa mchanga siku hizi zimesakafiwa zote. Mvua iliyokuwa inanywewa na ardhi sasa inateremka na uchochoro ikitafuta pa chini, na pa chini ni sebule ya nyumba hii.

Kwa anayepanga, tofauti ya mto na mtaro ni muhimu kwa sababu mtaro unaweza kufanyiwa kitu. Kwa anayenunua, mto una mambo mengine kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na waliodhani ni maneno ya karatasini waliiona Desemba 2015, bomoabomoa ilipofika kwenye bonde la Mkwajuni, Kinondoni. Miaka minne nyuma yake, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na serikali ikawagawia waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande. Sasa bonde la Msimbazi lenyewe liko kwenye mradi mkubwa, watu wamelipwa fidia na nyumba zimevunjwa. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa haikuokoi na mita 60. Mtu akikuletea kiwanja cha bei nzuri Januari, kavu, cha tambarare, chenye nyasi za kijani wakati mtaa mzima umekauka, zitazame kwanza hizo nyasi.

Baba alikuwa na hoja moja zaidi: utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa masika na wa vuli kabla ya kila msimu, na ni jambo zuri kuufuatilia. Ila unazungumzia jumla ya mvua ya miezi kadhaa kwa ukanda mzima. Msimu wa wastani, au hata wa chini ya wastani, unaweza kuwa na usiku mmoja wenye mvua ya wiki tatu, na nyumba ya bondeni huzama kwa usiku mmoja.

Miezi mitatu

Pamoja na hayo yote waliitaka. Sikuwashangaa. Shule ya watoto ilikuwa karibu, wateja wa cherehani wako Tandale, na ile 200,000 ya juu hawakuwa nayo. Watoa ushauri wengi huishia kusema "usichukue nyumba ya bondeni", jambo rahisi kwa mwenye uwezo wa kupanga Mbezi Beach. Kazi ikawa kutafuta masharti ambayo nyumba hiyo inafaa kuchukuliwa.

La kwanza lilikuwa muda. Ukilipa miezi sita kuanzia Februari mosi, umenunua masika yote, Machi hadi Mei, bila kujua yatakuwaje, na hela yako yote iko kwa mtu ambaye hana haraka tena. Ukilipa mitatu, unafika mwisho wa Aprili. Hapo mvua imeshaonyesha sura yake, na mwenye nyumba anahitaji kodi ya pili. La pili, kazi tatu zifanyike kabla ya Machi: mtaro wa nyuma uzibuliwe, upenyo chini ya dirisha la jikoni uzibwe, shimo la choo linyonywe. La tatu, kifungu kwenye mkataba kuhusu maji.

Hapa niseme kitu ambacho wapangaji wachache wanakijua. Sheria ya Ardhi ya 1999, kwenye ahadi ambazo kila mwenye nyumba anahesabika kuwa amezitoa anapopangisha, inasema nyumba ikiharibiwa na mafuriko kiasi cha kutofaa kukaliwa, bila uzembe wa mpangaji, kodi inasimama, yote au sehemu, mpaka itengenezwe. Mkataba wa karatasi moja unaouzwa stationeri hausemi hayo. Ndiyo maana ni heri kuyaandika kwa maneno yako, ili siku ya ugomvi mtu asome kwenye karatasi badala ya kuanza kutafuta mwanasheria.

Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, anaishi Mbezi. Alikubali miezi mitatu kwa shingo upande. Kwenye kifungu cha maji akanigeukia.

"Kijana, mvua ni ya Mungu. Unataka niandikiane mkataba na mvua?"

"Mzee wangu, mvua ni ya Mungu, lakini nyumba ni yako."

Akacheka, na alipocheka nikajua tutaandika. Kikaandikwa hivi: maji yakiingia ndani kwa sababu yoyote isiyotokana na mpangaji, na nyumba isikalike, kodi ya siku hizo itahesabiwa kwenye kipindi kinachofuata au itarudishwa. Tukakipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri. Upenyo ulizibwa wiki ileile. Shimo mzee alikataa. Alisema lilinyonywa juzi tu, na juzi ya mwenye nyumba ni neno pana.

Mtaro wa nyumba sita

Mtaro unapita nyuma ya nyumba sita kabla haujaingia mfereji mkubwa unaokwenda mtoni. Ulikuwa umejaa mchanga nusu, na juu ya mchanga chupa za plastiki, nepi, vifuu vya nazi, na tairi moja la pikipiki. Nyumba ya nne kutoka juu, kijana mmoja alikuwa ameufunika kwa zege akaweka banda la chipsi.

Watu wakiamua kuzibua mtaro kila mtu huzibua wa kwake, na wa juu huwa wa kwanza kwa sababu ndiye mwenye nafasi. Matokeo yake ni maji kukimbia haraka zaidi hadi pale palipoziba, na kumwagikia kwa yule wa katikati. Mtaro huanziwa chini, kwenye mfereji mkubwa, mnapanda nao. Ndivyo ilivyofanyika, Jumamosi ya mwisho wa Februari, siku ambayo ni ya usafi nchi nzima, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ana safari.

Kosa la pili la mitaani ni tope. Linatolewa, linarundikwa kando ya mtaro, watu wananawa mikono, wanapiga picha. Mvua ya kwanza ya Machi inalirudisha lote ndani. Mama wa cherehani, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwezi mtaani, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na daftari akichangisha 3,000 ya guta la kubebea tope hadi kituo cha taka. Nyumba moja haikutoa. Jina lake likaandikwa pia, na daftari likazungushwa tena siku ya pili likiwa wazi ukurasa huo. Ikatoa.

Tairi na vifuu viliondolewa kwa sababu nyingine. Dar imepata milipuko ya dengue, ya 2014 na ya 2019 inakumbukwa na wengi, na mbu wake huuma mchana, huzaliana kwenye maji safi kidogo yaliyotuama: kifuu, kopo, tairi, tangi lisilo na mfuniko. Chandarua cha usiku hakikusaidii sana hapo.

Banda la chipsi lilikuwa gumu zaidi. Wapo waliotaka zege livunjwe siku ileile. Mtendaji wa mtaa alikuja, akamsikiliza kijana, na kijana hakukataa kwamba mtaro si wake. Alisema tu kwamba akivunja na mtaji umevunjika. Wakakubaliana akate tundu la kuingiza koleo, alifunike kwa wavu wa nondo unaonyanyuka, na aweke wavu mwingine upande maji yanapoingilia ili taka zikamatwe hapo, kazi ya kuzitoa kila jioni iwe yake. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko nyundo. Mtaro uliofunikwa na mtu mwenye wajibu ni salama kuliko ulio wazi usio na mwenyewe.

Maji ya chooni

Mvua kubwa ilinyesha usiku mmoja wa Aprili, ikaanza jioni na haikukata. Maji ya uchochoroni yalifika kwenye kizingiti yakasimama hapo; mtaro ulikuwa unayachukua. Kwenye saa sita usiku mama alisikia choo kinatoa mapovu.

Choo cha ndani ndicho kilichokuwa kimeiuza nyumba hii. Bomba lake linakwenda kwenye shimo lililo nje, ukutani, na mfuniko wa shimo uko juu kuliko sakafu ya bafu, kwa sababu uwanja wa nje umeinuliwa kwa kifusi miaka ile. Ardhi ikishiba, maji huingia shimoni kupitia kuta zake. Shimo likijaa, kilichomo hutafuta njia ya chini, na njia ya chini ni bomba kurudi ndani. Kuongezea, mvua kama ile ikinyesha wapo wa juu wanaotapisha vyoo vyao: wanatoboa shimo ili uchafu uondoke na maji bila kulipia gari. Kila mtu Tandale anajua hufanyika, na asubuhi hakuna aliyefanya.

Baba alizima umeme kwenye mein swichi kabla ya mtu yeyote kukanyaga sakafu iliyolowa. Cherehani ilikuwa tayari juu ya meza na sare za wateja juu ya kabati. Tangu mazungumzo na jirani hawakuwahi kuziweka chini usiku wa mawingu. Alfajiri sebule ilikuwa na maji ya vidole vinne, na si maji ya mvua. Walipoteza godoro la watoto, kiroba cha unga, na raha ya nyumba. Watoto walipelekwa kwa baba yao mdogo Kimara.

Kusafisha nyumba iliyoingia maji ya choo kuna mpangilio, na watu huukosea kwa haraka. Tope na uchafu vitoke kwanza, halafu sabuni na brashi, halafu ndipo klorini, iachwe ikae kabla ya kufuta. Ukimwaga klorini juu ya tope, uchafu unaimaliza nguvu na vijidudu vinabaki. Kipindupindu nacho hufuata mvua hapa mjini, kwa hiyo maji ya kunywa yalichemshwa hata yale ya bomba. Godoro lililolowa maji ya namna hiyo halianikwi. Linatupwa.

Mzee alifika baada ya siku mbili, akasoma mkataba pale pale amesimama, na akapata hoja.

"Tuliandikiana maji ya mvua. Haya yametoka chooni."

Mwenyekiti aliomba karatasi. Hakukuwa na neno mvua. Kulikuwa na "maji yakiingia ndani kwa sababu yoyote isiyotokana na mpangaji". Mzee akasema choo kimejazwa na wapangaji. Mama akamuuliza familia ya watu wanne inajazaje shimo kwa miezi mitatu kama kweli lilinyonywa juzi. Hapo kikao kikawa kifupi. Nusu ya kodi ya Aprili ikahamishiwa kwenye kipindi cha pili, na shimo likanyonywe kwa hela ya mzee. Gari la maji taka halikuweza kuingia uchochoro uliolowa, wakaja vijana wa pampu ya mkono na mapipa, kwa bei ya masika. Februari gari lingeingia hadi mlangoni.

Vijana hao waligundua kwamba shimo halikusakafiwa chini na kuta zake zimeachwa na matundu, jambo la kawaida kwa mashimo ya zamani. Shimo la hivyo ukilinyonya Aprili linajazwa tena na ardhi yenyewe. Kwa hiyo hakukuwa na tiba ya kweli mpaka kipupwe.

Kazi za kipupwe

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya nyumba Dar es Salaam. Ardhi imeshuka maji, jua si kali, mafundi hawajabanwa na haraka ya mwisho wa mwaka. Shimo lilijengewa ndani, bomba likafungwa valvu inayoruhusu maji kutoka tu bila kurudi, na sakafu ya bafu ikainuliwa. Familia ilikaa humohumo wakati kazi inaendelea, kwa kodi ya 120,000 kuanzia Mei hadi Julai.

Mvutano ulikuwa kwenye rangi. Mzee alitaka kupiga Mei, mara tu maji yalipokauka sakafuni. Ukuta uliolowa unaonekana mkavu muda mrefu kabla haujakauka. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache usiku kucha; asubuhi ukikuta kimetoa jasho upande wa ndani, fundi rangi arudi kwake. Kwenye nyumba hii nailoni iliendelea kutoa jasho kwa wiki nyingi. Plasta ya chini ikabanduliwa hadi kwenye tofali, ikaachwa wazi, ikapigwa upya Julai. Wamiliki wengi wanapaka rangi mara mbili kwa mwaka kwa gharama ambayo ingefanya kazi hiyo mara moja.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, ina tabia yake. Ni mvua fupi, lakini inakuta mitaro imejaa taka za miezi mikavu, na hakuna aliyejiandaa kwa sababu akili za watu ziko kwenye masika. Daftari la mama lilirudi mitaani Septemba. Ukame nao una shida ya kinyume. Oktoba na Novemba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, Dar nzima iliingia kwenye mgao wa maji, na walionunua matangi kwa pupa wakaacha mengi wazi. Nimeshasema kuhusu mbu. Anayetafuta nyumba Aprili aulize maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki mwezi wa kumi na moja, kwa sababu nyumba ya juu, isiyojua mafuriko, mara nyingi ndiyo maji hayapandi.

Agosti mzee aliitaka 150,000 yake irudi. Nyumba ilikuwa bora kuliko siku ya kwanza na kila mmoja aliona hivyo, wakakutana kwenye 140,000, miezi mitatu mitatu. Kitu kimoja tu alitaka kiondolewe kwenye mkataba mpya, kifungu cha maji, maana valvu ameshafunga na shimo ameshajenga. Mama alisema kama valvu inafanya kazi, kifungu hakimgharimu mzee hata shilingi.

Mzee akaomba kalamu.